Sandukuni mwa Msafiri Atokaye Marekani

Mtu akitoka safari ya mbali hatarajiwi kuingia nyumbani mikono mitupu. Wazee walisema, mkono mtupu haulambwi. Na watoto wakimbiliao mlangoni hawautazami uso wa baba yao kabla ya kuutazama mfuko wake. Desturi hiyo si yetu peke yetu. Waingereza nao, warudipo kutoka Marekani, hufungua masanduku yao sebuleni huku jamaa wamewazunguka. Na humo, kati ya mashati na viatu, hutoka vyakula: makopo, chupa, na pakiti za peremende zenye rangi kali hata jicho huumia. Juma hili twataka kulichungua sanduku hilo, tujue ni kitu gani kinachostahili uzito wake, na ni kipi kingaliachwa dukani.

Huenda baadhi yenu mtauliza: sanduku la Mwingereza latuhusu nini sisi? Latuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunao ndugu waliohamia Marekani na wengine Uingereza; hao hutembeleana, na zawadi za namna hiyo hupita mikononi mwao pia. Pili, ndani ya sanduku hilo limo neno la Kikongo, lililovuka bahari zamani sana, kabla ya ndege na kabla ya meli za moshi. Tutalikuta mbele kidogo.

Ili kufahamu kwa nini peremende za Marekani zina heshima yake kwa Waingereza wazee, hatuna budi kurudi nyuma hata siku za Vita Kuu ya Pili. Mwezi wa Julai 1942 serikali ya Uingereza ilianza kugawa peremende na chokoleti kwa kadi. Kwa muda mrefu fungu la mtu mmoja lilikuwa gramu 340 hivi kwa majuma manne. Yaani vipande vichache kwa siku, tena kwa mtoto mwenye kujizuia. Na tangu Januari ya mwaka huo huo askari wa Marekani walikuwa wameanza kuwasili, wakitangulia kushukia Ireland ya Kaskazini, nao walikuwa na chokoleti na chingamu mifukoni. Watoto wakawaandama njiani wakiwaomba. Mtoto aliyepata kipande cha chingamu aliweza kukitafuna siku nzima, usiku akakibandika penye kitanda, na asubuhi akakirudia.

Vita viliisha mwaka 1945, lakini upungufu haukuisha. Mkate, ambao haukuguswa na kadi wakati wote wa vita, uligawiwa kwa kadi tangu Julai 1946 hadi Julai 1948. Shirika la CARE, lililoundwa huko Marekani mwaka 1945, lilipeleka vifurushi vya chakula kwa jamaa za Ulaya, Uingereza nayo ikiwamo. Mwezi wa Aprili 1949 serikali ilijaribu kuziachia peremende. Watu wakazivamia kwa pupa, madukani zikaisha, na mwezi wa Agosti kadi zikarudi. Ruhusa ya kweli ilikuja tarehe 5 Februari 1953. Hebu fikirini: mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwa mwaka 1942 alitimiza miaka 11 ndipo alipoweza kuingia dukani na kununua peremende kadiri ya senti zake. Mzee wa namna hiyo akipokea leo pakiti kutoka Marekani, hapokei sukari tu.

Siku hizi mambo yamegeuka. Uingereza haina upungufu wa vitu vitamu, na vingi vya Marekani vyauzwa huko huko. Katika barabara ya Oxford Street mjini London yalizuka maduka mengi ya peremende za Kimarekani, hata mwaka 2022 baraza la Westminster likatangaza kwamba lachunguza maduka kama 30 kwa habari ya kodi zisizolipwa. Basi msafiri asijitaabishe kuvuka bahari na kitu ambacho shangazi yake angeweza kukinunua kwa kuvuka barabara.

Tuanze na chokoleti, maana ndiyo ya kwanza kushikwa na mkono wa msafiri, na kwa maoni yetu ndiyo ya kwanza kurudishwa rafuni. Milton Hershey alianza kuuza chokoleti yake ya maziwa katika jimbo la Pennsylvania mwaka 1900, na Wamarekani wameizoea tangu utotoni. Lakini Mwingereza akiionja mara ya kwanza hukunja uso. Husema ina ukali kama wa matapishi, na hasemi hivyo kwa chuki: imo ndani yake tindikali ile ile iletayo harufu ya siagi iliyochacha. Tena sheria ya Marekani yaridhika kama chokoleti ya maziwa ina sehemu 10 katika 100 za kakao, ambapo Uingereza yadai angalau 20. Kichekesho ni kwamba Wamarekani wengine huitamani chokoleti ya Kiingereza; na mwaka 2015 kampuni ya Hershey, iliyo na haki ya kutengeneza Cadbury huko Marekani, ilifikia mapatano na waagizaji wakaacha kuingiza Cadbury iliyotengenezwa Uingereza. Kwa hiyo katika safari hii chokoleti yafaa ichukuliwe kwa kwenda, si kwa kurudi.

Sasa twaja kwenye karanga, na hapa tutakaa kidogo.

Karanga si mmea wa Afrika kwa asili. Kwao ni Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na Argentina ya kaskazini. Wareno waliileta pwani zetu za magharibi katika karne ya 16, na wakulima wa Kongo wakaipokea upesi, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kuzijua njugu zizaliwazo chini ya udongo. Wakaiita nguba. Baadaye watu wa nchi hizi walikamatwa, wakafungwa minyororo, wakasafirishwa hata Virginia, Carolina na Georgia. Walinyang’anywa kila kitu, ila maneno hayanyang’anyiki kwa urahisi. Hata leo katika majimbo ya kusini mwa Marekani, mzee wa shamba, mweupe kwa mweusi, huiita karanga goober. Na neno hilo ni nguba yetu iliyopindwa kidogo na ndimi za wageni.

Waliotoka Afrika walichukua pia namna ya kuipika. Ukisafiri katika majimbo hayo utaona kando ya barabara sufuria kubwa lenye maji ya chumvi, na ndani yake karanga mbichi na maganda yake zikichemka kwa saa nyingi hata zikawa laini kama maharagwe. Mama yeyote wa hapa kwetu angezitambua mara moja, angekaa chini na kuanza kumenya. Mwingereza hazijui, yeye amezoea karanga kavu za kukaanga. Basi karanga hizo za kuchemsha huuzwa pia katika makopo, nasi twasema bila kusitasita kwamba kopo moja la namna hiyo lina haki ya kukaa sandukuni kuliko pakiti kumi za peremende. Vivyo hivyo zile kashata za karanga na sukari iliyoungua, ambazo Wamarekani huzitengeneza vizuri sana, na ambazo hazivuji wala haziyeyuki kwa upesi.

Siagi ya karanga nayo ina habari yake. Wengi wamefundishwa shuleni kwamba aliyeibuni ni George Washington Carver, yule mtaalamu mweusi aliyezaliwa utumwani karibu na mwaka 1864 na kufundisha miaka mingi katika chuo cha Tuskegee. Sivyo. Marcellus Edson wa Montreal alipata hati ya ugunduzi kwa karanga za kusagwa mwaka 1884, na Carver hakuwahi kudai sifa hiyo. Kazi yake ilikuwa nyingine, na kwa maoni yetu ilikuwa kubwa zaidi: aliwafundisha wakulima maskini wa kusini, ambao pamba ilikuwa imekwisha kuuchosha udongo wao, wapande karanga ili udongo upone na watoto wao washibe. Kijitabu chake cha mwaka 1916 kilitoa njia 105 za kuipika. Sheria ya Marekani yataka siagi ya karanga iwe na karanga sehemu 90 katika 100, na mabishano juu ya hesabu hiyo yalichukua zaidi ya miaka kumi, tangu 1959 hadi 1971. Wanasheria walikula karanga nyingi, bila shaka. Lakini siagi hiyo yapatikana tele Uingereza. Kuichukua ni kulipia uzito bure. Na mwenye kuitaka kwa lazima aiweke katika sanduku kubwa, kwani walinzi wa viwanja vya ndege vya Marekani huihesabu kuwa ni kitu cha majimaji, na kopo lizidilo kiasi cha mililita 100 huzuiliwa kwenye mfuko wa mkononi.

Jambo moja twalisema kwa uzito, hasa kwa vijana wetu walioko ng’ambo. Wako watoto ambao chembe moja ya karanga yaweza kuwafunga pumzi na kuwaua kabla daktari hajafika. Hali hiyo huitwa mzio. Huko Uingereza shule nyingi huwaomba wazazi wasiwafungie watoto chakula chenye karanga, na sheria iliyoanza Oktoba 2021 yawalazimu wauzaji wa vyakula vilivyofungwa dukani kuandika kila kiungo. Msafiri akigawa kashata zake kwa watoto wa jirani bila kuuliza, akidhani ni ukarimu, aweza kuleta msiba nyumbani mwa watu. Aulize kwanza. Tuongeze kwamba uchunguzi uliofanywa London na kutangazwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa watoto wachanga walio katika hatari hiyo, wakilishwa karanga mapema katika chakula laini chini ya uangalizi, mzio huo hupungua kwao kwa asilimia 80 hivi. Mama zetu, wanaoonjesha watoto mchuzi wa karanga kabla hawajaota meno yote, watatabasamu. Ila karanga nzima asipewe mtoto mchanga, maana humkaba koo.

Tukiiacha karanga twaufikia mti. Katika majimbo ya kaskazini-mashariki, na hasa Vermont, umo mti uitwao maple, ambao utomvu wake ni mtamu. Wenyeji wa kwanza wa nchi hiyo, kama vile Waabenaki na Waojibwe, waliujua kabla Mzungu hajafika. Mwisho wa baridi, tangu Februari hadi Aprili, usiku huganda na mchana huyeyuka, na mabadiliko hayo huusukuma utomvu ndani ya shina. Mkulima hutoboa tundu dogo, huweka mrija, na maji huanza kudondoka. Ni maji kweli, utamu wake ni hafifu. Huchemshwa katika masinia mapana hata yapungue, na lita 40 za utomvu hutoa lita moja tu ya shira. Mti hauguswi mpaka umetimiza miaka kama 40. Kwa hiyo aliyeupanda mara nyingi huwa amepanda kwa ajili ya mwanawe.

Msafiri na ajihadhari hapa, kwa kuwa ulaghai uko karibu. Katika maduka makubwa ya Marekani zimejaa chupa za shira ya kumwagia chapati za maji, zenye picha za vibanda na theluji, nazo ni shira ya mahindi iliyotiwa rangi na harufu; tone la maple halimo. Asome maandishi ya nyuma, si picha ya mbele. Ya kweli hutaja kitu kimoja tu. Tena achague iliyo nyeusi, ambayo huvunwa mwisho wa majira na ina ladha ya nguvu. Ile ya rangi ya dhahabu ni nzuri kwa macho, lakini chapati huimeza. Lita moja huwa na uzito wa kilo 1.3 hivi, bila chupa. Sisi tungependelea ile iliyochemshwa zaidi hata ikawa sukari ngumu, mfano wa sukari guru, kwani haimwagiki juu ya nguo za watu.

Unga wa mahindi uliochambuliwa kwa chokaa, upikwao uji mzito na kuitwa grits, twautaja kwa haraka tu. Mtu wa bukari ataupenda, Mwingereza huudhani ni gundi. Na kinywaji kiitwacho root beer, alichokitia sokoni Charles Hires wa Philadelphia katika miaka ya 1870, Waingereza wengi husema kina harufu ya dawa ya kupaka vidonda. Kibaki Marekani.

Tumekuja sasa kwenye kitu ambacho msafiri hukipenda na hapaswi kukichukua: nyama kavu. Wamarekani huikata nyama ya ng’ombe nyembamba, huitia chumvi na viungo, na kuikausha. Neno lao kwa nyama hiyo lilitoka katika lugha ya Wakechua wa milima ya Andes. Ni tamu, ni nyepesi, yakaa muda mrefu. Zawadi kamili, mtu angesema. Lakini sheria ya Uingereza yakataza msafiri atokaye Marekani kuingiza nyama ya namna yoyote, wala vyakula vya maziwa kama jibini. Maofisa wa forodha huikamata na kuiharibu. Peremende, biskuti, shira, karanga zilizopikwa, hata asali isiyozidi kilo 2, hizo hupita.

Wapo wanaonung’unika kwamba sheria hiyo ni ya ukali bure, kwa kuwa Marekani haijaona ugonjwa wa miguu na midomo tangu mwaka 1929. Hao wangepaswa kukumbuka mwaka 2001. Mwezi wa Februari nguruwe wenye ugonjwa huo walionekana katika machinjio ya Essex, na mafundi wakaufuata mwendo wake hata shamba moja la Northumberland, ambako nguruwe walilishwa mabaki ya vyakula yasiyochemshwa. Yaelekea sana kwamba katika mabaki hayo ilikuwamo nyama iliyoingizwa nchini kinyume cha sheria. Kabla ya mwaka kwisha wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechinjwa, wengi wao wazima, ili kukata njia ya ugonjwa. Moshi wa kuteketeza mizoga ulionekana mbali, njia za mashambani zilifungwa, na hata uchaguzi wa wabunge uliosubiriwa mwezi wa Mei ulisogezwa hadi Juni. Wafugaji waliona kazi ya baba na babu ikilala uwanjani asubuhi moja. Ofisa wa forodha hawezi kujua kila kifurushi kilitoka zizi gani, ndiyo maana huvikataa vyote.

Mwisho twashuka kusini kabisa, hata Louisiana, jimbo ambalo mapishi yake ni ya karibu nasi kuliko yote. Huko hustawi mti wa pekani, wenye kokwa za mafuta zenye ladha tamu. Ni mti wa bonde la Mississippi, lakini zamani kila mti ulizaa kwa namna yake, hii kokwa nene, hii nyembamba, hii chungu, na hakuna aliyeweza kuutegemea kwa biashara. Katika majira ya baridi ya 1846 hadi 1847, katika shamba la Oak Alley, mtumwa mmoja mtunza bustani alifaulu kupandikiza matawi ya mti bora juu ya miti mingine 16. Jina lake alikuwa Antoine. Jina la ukoo hatukuachiwa, kwa sababu waliomwandika walimwandika kama mali. Kazi ya mikono yake ikawa mwanzo wa mashamba ya pekani ya nchi nzima. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, kokwa za miti yake zilisifiwa, nazo zikapewa jina la Centennial, kwa kuwa Marekani ilikuwa yatimiza miaka 100. Antoine hakutajwa.

Kwa kokwa hizo, sukari na siagi, wanawake weusi wa New Orleans walitengeneza vitumbua bapa viitwavyo pralini, wakaviuza barabarani, na kwa senti zake wengine walilea watoto wao. Utaalamu wenyewe ulitoka Ufaransa, ambako walitumia lozi. Mikono ya Afrika ikatia pekani. Kisanduku cha pralini ndiyo zawadi tungaliyompa mtu tumpendaye.

Na kwa yule apikaye, kuna pakiti ndogo ya unga wa kijani, nyepesi hata haijulikani sandukuni. Ni majani ya mti wa sasafrasi, yaliyokaushwa na kusagwa. Watu wa kwanza kuyatumia walikuwa Wachoctaw. Hutiwa katika mchuzi mkubwa wa Louisiana uitwao gumbo, na jina hilo nalo lilitoka upande wetu: katika lugha za Angola bamia huitwa kingombo. Alhamisi Kuu Wakatoliki wa New Orleans hupika gumbo ya majani mabichi ya aina nyingi pamoja, tena nyama imo, maana kesho yake ni mfungo. Marehemu Leah Chase, aliyefariki mwaka 2019 akiwa na miaka 96, aliipika katika hoteli yake ya Dooky Chase mwaka hata mwaka, na watu walikuja kutoka mbali kuila siku hiyo moja.

Ndugu zetu wa London waweza kuipika kwa bamia na majani yapatikanayo sokoni kwao. Ila wasichanganye: penye bamia nyingi unga wa sasafrasi hauhitajiki, maana vyote viwili kazi yake ni kuuzitisha mchuzi. Wakiutumia unga, waipue sufuria kwanza, wangoje mchuzi uache kutokota, ndipo watie kijiko kimoja na kukoroga polepole. Ukichemka pamoja na mchuzi huvutika kama nyuzi, na chungu chote huharibika.